Kutoka Meza ya Karani hadi Kishikwambi: Historia Fupi ya Eneo-kazi na Istilahi Zake

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya mfumo wa kompyuta uitwao eneo-kazi, namna ulivyoingizwa katika vishikwambi vinavyoendeshwa na Android, na matatizo ya istilahi yanayomkabili mtu anayetaka kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili. Jambo hili linawahusu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kwa sababu iliyo wazi. Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwezi Agosti 2022, makarani walitumia vishikwambi kukusanya takwimu, na baada ya kazi hiyo vishikwambi vikagawiwa walimu. Chombo kilichokuwa kigeni kwa wengi kikawa chombo cha kutunzia alama za wanafunzi, maandalio ya masomo na barua za ofisi.

Mwenye chombo cha namna hiyo hukawii kumsikia akiuliza kama kinaweza kufanya kazi ya kompyuta ya mezani: kufungua nyaraka mbili kwa wakati mmoja, kutumia kibodi na kipanya, kupanga majalada yake kama yapangwavyo katika masjala. Jibu ni kwamba inawezekana, na njia zake zina historia. Lakini maelekezo ya njia hizo, yakiandikwa kwa maneno yasiyopimwa, yanaweza kumfanya mwalimu apoteze kazi ya mwaka mzima kwa kugusa kioo mara moja. Hapo ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa la wataalamu wa lugha peke yao.

Asili ya eneo-kazi

Kompyuta za awali hazikuwa na picha wala madirisha. Mtumiaji aliandika amri kwa herufi, akangoja jibu kwa herufi. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco nchini Marekani, mhandisi Douglas Engelbart alionyesha hadharani namna mtu awezavyo kuelekeza alama kwenye kioo kwa kusukuma kijisanduku kidogo juu ya meza. Kijisanduku hicho kilikuwa na waya uliofanana na mkia, ndiyo maana kwa Kiingereza kikaitwa kwa jina la panya, nasi tukafuata kwa kusema kipanya au, kwa wengine, puku.

Mwaka 1970 kampuni ya Xerox, iliyojulikana kwa mashine za kunakili, ilianzisha kituo cha utafiti katika mji wa Palo Alto, jimbo la California. Huko ndiko ilikotengenezwa kompyuta iliyoitwa Alto, mwaka 1973, na huko ndiko lilikokuzwa wazo la kukifanya kioo kifanane na meza ya karani: karatasi zilizolaliana, majalada, kabati na kapu la taka. Xerox walikuwa wanauza vifaa vya ofisi, na mteja wao alikuwa mtu wa ofisi; hivyo walichukua mfano kutoka katika mazingira anayoyafahamu. Mwaka 1981 wakatoa sokoni kompyuta ya Star yenye mpango huo. Apple wakafuata kwa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, na Microsoft wakatoa Windows mwaka 1985.

Katika kituo hicho cha Palo Alto alikuwapo mtafiti Alan Kay, mmoja wa waanzilishi wa madirisha yanayolaliana. Mwaka 1972 Kay aliandika juu ya chombo alichokiita Dynabook: kompyuta ndogo, bapa, ya kubebeka kama daftari, ambayo hata mtoto angeweza kuitumia kusoma, kuandika na kuchora. Chombo hicho hakikutengenezwa wakati huo kwa kuwa ufundi ulikuwa bado. Lakini msomaji atatambua kwamba kinafanana sana na kishikwambi. Kwa hiyo eneo-kazi na kishikwambi, ambavyo watu hudhani ni vitu vya zama mbili, vilifikiriwa katika kituo kimoja na katika miaka ile ile.

Kuzaliwa kwa Android

Android ilianza mwaka 2003 kama kampuni ndogo, nayo katika mji huo huo wa Palo Alto. Wenye kampuni walifikiria kwanza kamera, kisha wakageukia simu. Mwaka 2005 Google wakainunua kampuni hiyo. Mwezi Novemba 2007 mfumo ukatangazwa, na mwaka 2008 simu ya kwanza yenye mfumo huo, HTC Dream, ikauzwa. Kiini cha Android ni Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, ambacho matini yake ya programu iko wazi kwa kila mtu kuisoma na kuibadili.

Kwa kuwa ilikusudiwa simu, Android ilijengwa juu ya desturi tofauti na za meza ya karani. Kioo cha simu ni kidogo, hivyo programu moja ilikitwaa chote. Nafasi ya kumbukumbu ilikuwa haba, hivyo mfumo ulipewa mamlaka ya kuizima programu iliyo nyuma bila kumwuliza mtumiaji. Kidole kilichukua nafasi ya kipanya, na vitufe vikafanywa vikubwa vitoshe ncha ya kidole. Haya yote yalifaa kwa simu. Yalipohamishiwa kwenye kioo kikubwa, yakaonekana upungufu wake. Karani anayetaka kusoma barua huku akiandika majibu alilazimika kwenda na kurudi kati ya programu mbili, asiweze kuziona kwa pamoja.

Google walitoa toleo la 3.0 mwezi Februari 2011 mahsusi kwa vishikwambi, lakini hata hilo halikuwa na madirisha ya kulaliana. Kazi hiyo ikaanza kufanywa na watu wengine.

Juhudi za kuifanya Android iwe ya mezani

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kichakato. Simu nyingi na vishikwambi vingi hutumia vichakato vya aina ya ARM, ilhali kompyuta nyingi za mezani zilitumia vile vya Intel na AMD. Aina hizo mbili hazifahamu amri zile zile, kama vile watu wawili wasiosemeshana kwa lugha moja. Kuanzia mwaka 2009 mradi ulioitwa Android-x86, ulioongozwa na mtaalamu Chih-Wei Huang wa Taiwan, ulichukua matini ya wazi ya Android na kuifanya ifanye kazi katika vichakato vya Intel na AMD. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuiweka Android katika kompyuta ya kawaida.

Hatua ya pili ilikuwa ya sura na matumizi. Mwaka 2014 wahandisi watatu waliokuwa wamefanya kazi Google walianzisha kampuni ya Jide huko Beijing, China. Mfumo wao, Remix OS, uliipa Android mwambaa wa kazi chini ya kioo, menyu ya kuanzia, kabati la mafaili, na madirisha yanayoweza kukuzwa, kupunguzwa na kusogezwa. Mwanzoni uliwekwa katika kishikwambi cha kampuni hiyo chenye kibodi ya kubandika. Mwezi Januari 2016, kwa kuutegemea mradi wa Android-x86, Jide wakatoa toleo ambalo mtu yeyote aliweza kulipakua bila malipo na kuliweka katika kompyuta yake. Kampuni nyingine ya Beijing ikatoa mfumo wa namna hiyo ulioitwa Phoenix OS.

Remix OS haukudumu. Mwezi Julai 2017 Jide walitangaza kwamba wanaacha kuuendeleza kwa ajili ya watumiaji wa kawaida na wanageukia makampuni. Waliokuwa wameuweka katika vyombo vyao wakabaki na mfumo usiopata marekebisho ya usalama. Hata hivyo wazo lenyewe lilikwisha pokelewa na wakubwa. Toleo la 7.0 la Android, la mwaka 2016, liliruhusu programu mbili kugawana kioo. Mwaka 2017 Samsung wakaleta DeX, mpango unaoigeuza simu iliyounganishwa na kioo kikubwa kuwa na eneo-kazi, na mwaka 2018 wakauingiza katika kishikwambi chenyewe. Mwezi Septemba 2024 Google wakatangaza majaribio ya madirisha huru katika vishikwambi. Leo, basi, mtu anaweza kulipata eneo-kazi kwa njia mbili: kulikuta limo tayari katika mfumo wa mtengenezaji, au kuliweka mwenyewe kwa kubadili mfumo mzima. Njia hii ya pili ndiyo yenye hatari, na ndiyo inayohitaji maneno yaliyopimwa.

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakikuanza jana kuzungumza juu ya kompyuta. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 27 ya mwaka 1967, limekuwa likisanifu istilahi za fani mbalimbali kwa miongo mingi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Na makampuni makubwa ya nje nayo yakazitafsiri programu zao. Kila kundi lilikuja na msamiati wake. Ndiyo maana leo chombo kimoja chaweza kuitwa kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na kingine kishikwambi, tableti au kompyuta kibao.

Katika kundi hili la mwisho matumizi yamekwisha amua kwa sehemu kubwa. Kibao kina maana nyingi: kuna kibao cha chapati, kibao cha mbuzi, kibao cha njiani, na kibao cha kofi. Kishikwambi hakina mshindani wa namna hiyo, na sensa ya mwaka 2022 ilikipeleka hadi vijijini. Haifai kuendelea kubishana juu yake.

Kwa upande wa eneo-kazi, wapo wanaopenda dawati au meza. Maneno hayo yanahifadhi mfano wa Xerox, lakini dawati kwetu ni la mwanafunzi, na mwanafunzi hana majalada wala kapu la taka juu ya dawati lake. Eneo-kazi limeuacha mfano na kutaja shughuli: mahali kazi inapopangwa na kufanyika. Aidha lafaa hata pale chombo kinapopakatwa, ambapo meza haipo. Tunaliunga mkono.

Kusakinisha na kinyume chake

Neno sakinisha ni mojawapo ya maneno yaliyoteuliwa vizuri. Asili yake ni kusakini, yaani kukaa mahali, kufanya makao. Kusakinisha programu ni kuipa makao katika chombo. Neno hili linanyambulika bila taabu: usakinishaji, kisakinishi, iliyosakinishwa.

Ubora wake unaonekana zaidi tukilitazama jambo lililokuwamo katika Remix OS. Mtu aliyekwisha kuandaa mfumo huo katika flashi na kuwasha kompyuta aliulizwa achague hali mbili: hali ya mgeni na hali ya mkazi. Katika hali ya mgeni mfumo ulifanya kazi kwa muda tu. Kompyuta ikizimwa, kila alichokiandika mtumiaji na kila alichokibadili kilitoweka. Katika hali ya mkazi kazi ilihifadhiwa katika flashi na kukutwa siku ya pili. Katika hali zote mbili diski ya kompyuta haikuguswa. Mswahili anauelewa mgawanyo huu bila kufundishwa, kwa kuwa anajua mgeni ni mtu wa kupita na mkazi ndiye mwenye mahali pa kuweka mzigo wake. Kwa hiyo tuna ngazi tatu zilizo wazi: ugeni, ukazi katika flashi, na usakinishaji katika diski ya chombo. Mwandishi wa maelekezo akizichanganya, msomaji atadhani anajaribu tu, kumbe anabadilisha. Au atadhani amehifadhi, kumbe amepoteza.

Tatizo lipo katika kinyume cha kusakinisha. Programu nyingi hutumia sanidua, lililoundwa kwa kufuata njia ya funga na fungua, kunja na kunjua. Njia ni sahihi, lakini mzizi si wake. Kusanidi ni kubuni na kupanga kitu. Ndiyo maana waundaji wa programu huitwa wasanidi. Kusanidua, basi, kungekuwa kuvunja ubunifu wa msanidi, jambo ambalo mtumiaji halifanyi. Yeye anaitoa tu programu katika chombo chake. Neno ondoa latosha, linajulikana na kila mtu, na halihitaji kufunzwa.

Nakala-mfumo, kianzishi na sehemu ya diski

Anayetaka kubadili mfumo huanza kwa kupakua faili moja kubwa lenye mfumo wote. Neno pakua limetoka bandarini na jikoni, mahali ambapo shehena hushushwa na chakula hutolewa chunguni, nalo limeingia katika kazi mpya bila upinzani. Lakini faili lenyewe limekuwa likitafsiriwa kwa taswira au picha, kwa kufuata Kiingereza. Msomaji anayeambiwa aiandike taswira katika flashi ana haki ya kutafuta picha. Tunapendekeza nakala-mfumo.

Nakala-mfumo ikishawekwa katika flashi, ambayo kwa Remix OS ilitakiwa iwe na nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi, chombo huwashwa kwa kuanzia hapo. Programu ndogo inayotangulia kuamka na kuamua mfumo upi uanze tunapendekeza iitwe kianzishi. Wengine husema kipakiaji, lakini kupakia kunatumika tayari kwa kupeleka mafaili mtandaoni.

Kama mtumiaji anataka mifumo miwili ikae pamoja katika diski moja, diski hugawanywa. Neno kizigeu limependekezwa na baadhi ya wafasiri. Kizigeu ni kile kinachotenga, kama pazia au ukuta mwembamba ndani ya nyumba. Kinachohitaji jina hapa ni nafasi iliyotengwa, yaani chumba chenyewe. Kumwambia mtu afute kizigeu ni kumwambia avunje ukuta, ilhali matokeo yake ni kuteketeza vilivyomo chumbani. Sehemu ya diski ni maneno mengi kidogo, lakini hayapotoshi.

Kufungua kufuli

Tumefika penye uzito. Vishikwambi vyenye vichakato vya ARM kwa kawaida havikubali mfumo mwingine kwa njia ya flashi. Kianzishi chake kimefungwa na mtengenezaji. Mwenye chombo, kama mtengenezaji ameruhusu, huingia katika mipangilio, akagusa nambari ya muundo wa mfumo mara 7 ili chaguo za wasanidi zijitokeze, akaruhusu kufunguliwa kwa kufuli, kisha akatoa amri kwa kutumia kompyuta nyingine. Katika vyombo vya Android amri hiyo kwa kawaida hufuta kila kitu cha mtumiaji: picha, nyaraka, alama, majina.

Ufutaji huu umekusudiwa. Kama kufuli lingefunguka bila kufuta, mwizi angeweza kuingiza mfumo wake na kuyasoma yote ya mwenye chombo. Lakini Kiswahili hutumia fungua kwa mlango, kwa kitabu, kwa faili, kwa shule na kwa mkutano. Katika yote hayo kufungua ni kupata njia ya kukifikia kilichomo. Hapa tu ndipo kufungua kunapokiangamiza. Mwalimu anayesoma sentensi isemayo fungua kufuli la kianzishi hana dalili yoyote katika lugha ya kumwonya.

Wapo waliopendekeza kukomboa, kwa hoja kwamba chombo kinatoka katika mamlaka ya mtengenezaji. Neno hilo lina sifa nzuri mno kwa kazi hii. Linaahidi faida na kuficha hasara. Kwa maoni yetu hakuna neno moja litakaloutatua ugumu huu, na wala si kila ugumu hutatuliwa kwa kuunda neno. Tunapendekeza kufungua kufuli libaki, lakini iwe kanuni kwa wafasiri kwamba katika sentensi hiyo hiyo, kabla ya amri, yatajwe matokeo: kitendo hiki kitafuta kila kilichohifadhiwa katika chombo. Onyo likiwekwa aya mbili chini, msomaji atalikuta amekwisha gusa.

Kurekebisha, mapendeleo na mamlaka

Baada ya usakinishaji hufuata kazi ya kuulainisha mfumo umfae mtumiaji. Baadhi ya tafsiri hutumia kubinafsisha. Neno hili lilipata maana yake hasa katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipouzwa kwa watu binafsi, na mtumishi wa serikali akiambiwa abinafsishe kishikwambi cha ofisi anaweza kushtuka, tena kwa haki.

Ni vema tutenge vitendo vitatu. Kuchagua rangi, picha ya nyuma na mahali pa mwambaa wa kazi ni kuweka mapendeleo. Kubadili vipimo, kama vile ukubwa wa maandishi au kulazimisha programu zikubali kukuzwa na kupunguzwa, ni kurekebisha. Kosa likitokea, thamani ya awali hurudishwa. Kubadili mafaili ya mfumo wenyewe kunahitaji mamlaka ambayo Kiingereza huyaita kwa jina la mzizi wa mti. Mzizi hausemi lolote juu ya mamlaka. Mtumiaji mkuu lasema. Anayefanya kazi kwa mamlaka hayo aweza kukiharibu chombo kisiwake tena, na yafaa ajue kwamba ameshika cheo kikubwa.

Istilahi zinazopendekezwa

Eneo-kazi: sehemu ya kioo ambapo madirisha, mafaili na vitufe hupangwa kwa kazi.
Hali ya mgeni: namna ya kuutumia mfumo bila kuhifadhi chochote baada ya kuzima.
Hali ya mkazi: namna ya kuutumia mfumo uliomo katika flashi na kuhifadhi kazi humo.
Kianzishi: programu inayotangulia kuamka na kuuanzisha mfumo endeshi.
Kurekebisha: kubadili vipimo vya mfumo kwa namna inayoweza kurudishwa.
Kusakinisha: kuupa mfumo au programu makao ya kudumu katika chombo. Kinyume: kuondoa.
Mtumiaji mkuu: mtumiaji mwenye mamlaka ya kubadili mafaili ya mfumo.
Mwambaa wa kazi: ukanda wa kioo unaoonyesha programu zilizofunguliwa.
Nakala-mfumo: faili moja lenye mfumo mzima, tayari kwa kusakinishwa.
Sehemu ya diski: nafasi ya diski iliyotengwa kwa mfumo au kazi maalumu.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba majina ya vitu hivi yalitokana na mazingira ya walioviunda: meza ya karani wa Marekani, mkia wa panya, mzizi wa mti. Sisi tunaovipokea hatulazimiki kuichukua mifano yote. Pale mfano unapomsaidia msomaji wetu, kama ule wa mgeni na mkazi, tuuchukue. Pale unapomficha jambo, tutaje kitendo na matokeo yake. Walimu na watumishi wanaotumia vishikwambi kila siku ndio watakaojua kama mapendekezo haya yanafaa. Wanaombwa wayapime katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale watakapoona neno linasema jambo moja na chombo kinafanya jingine.